Munyi wa Wambeti Kwenye Shuka Nyeupe

Ndambiri alikuwa na jozi moja ya viatu vyeusi, na jozi hiyo ilitumikia mabwana wawili. Jumatatu hadi Ijumaa ilikanyaga sakafu ya ofisi ya boma, alikokuwa karani: akipiga taipu, akitafsiri mashauri, akigonga mihuri. Jumamosi mchana alipanda baiskeli, akakwea barabara ya Kibugu hadi karibu na msitu wa Mlima Kenya, na jioni hiyo hiyo viatu vilikuwa jukwaani, miguuni mwa yeyote aliyekuwa hakimu wiki hiyo, au bwana harusi mwenye maringo.

Kundi lake la maigizo lilichezea katika jumba la kanisa. Watu waliteremka kutoka migongo yote ya vilima vya jirani, wengine na viti vyao kichwani. Michezo aliitunga mwenyewe kwa Kiembu, akiiandika nyuma ya karatasi zilizoharibika ofisini. Wazungu wake hawakujua, na kama walijua hawakujali. Kule bomani alikuwa mtu wa "Ndiyo, Bwana". Kibugu alikuwa mtu aliyesimama kando ya pazia akiwasikia watu mia mbili wakicheka mahali pale pale alipotaka wacheke, na alimwambia mkewe, Igoki, kwamba mshahara wake wa kweli ni huo.

Mchezaji aliyewaleta watu hasa alikuwa Munyi, mdogo wake Igoki. Siku za kazi Munyi alikuwa fundi wa baiskeli. Jukwaani aliweza kutembea kama kizee mwenye jongo, akageuka hatua mbili, akawa chifu aliyekunywa kupita kiasi. Wakati mwingine hakusema neno. Alisimama tu, akawatazama watu kwa macho ya mshangao, mpaka mmoja akashindwa kujizuia, na jumba zima likafuata.

Hali ya Hatari ilipotangazwa kwa sababu ya wapiganaji walioingia msituni kuwapinga Wazungu, mikutano ilipigwa marufuku na jumba likafungwa. Ndambiri alibaki na nusu moja ya maisha yake, ile ya taipu na muhuri. Hakuna mtu wa Embu wala Meru aliyeruhusiwa kwenda popote bila pasi, na pasi zilipitia mezani kwake. Watu aliowachekesha zamani sasa walipanga foleni mbele yake, kofia mkononi, wasijue waangalie wapi.

"Siku hizi hata usingizini vidole vyako vinapiga taipu," Igoki alimwambia.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa 1954 alipokuja bomani kijana mmoja wa Kizungu, mrefu, shingo imeungua jua, akiwa na gari la sinema na mashine ya kupigia picha. Makarani walimpa jina la Bwana Picha. Alikuwa akitafuta mtu anayejua maigizo, na D.O., afisa wa Kizungu wa boma, akamwelekeza kwa karani wake.

Bwana Picha alifunga madirisha ya ofisi, akamwonyesha Ndambiri kipande cha filamu ukutani: wakulima wa nchi fulani wakivuna, wakifuta jasho, wakicheka. Ndambiri aliomba kukiona tena. Alikuwa ameona sinema zamani, lakini hakuwahi kuitazama kama mtu wa kazi hiyo. Mchezo wa jukwaani hufa watu wakishika njia ya nyumbani. Huu ulikuwa umekunjwa ndani ya kopo, mzima, ukingoja tu kuwashwa.

Kisha akaelezwa filamu inayotakiwa. Kijana amedanganywa akaingia msituni. Anaona njaa na baridi, anajuta, anatoka akiwa ameshika tawi bichi, kama ilivyoagizwa kwenye karatasi za kuwaita wapiganaji wajisalimishe, zilizokuwa zikimwagwa na ndege. Mama yake anampokea. Ndambiri aliijua kazi hiyo ni ya nani na ni ya nini. Lakini hakuwa amesimama mbele ya watu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na alikuwa na kiu.

Alimkuta Munyi kibandani kwake, gurudumu limepinduliwa mbele yake.

"Shemeji," Munyi alisema baada ya kumsikiliza, "mimi sijawahi kulala usiku hata mmoja nje ya boma la mama. Leo unataka nitoke msituni?"

"Ni mchezo."

"Mimi na wewe tunajua ni mchezo. Wenye msitu wanajua? Na wenye bunduki je?"

"Ukikataa sitakulaumu."

Munyi aliendelea kukaza waya za gurudumu. Baadaye akajifuta mikono, akainuka, akaangusha mabega kama mtu aliyebeba mvua ya miezi mingi. "Mtu aliyekaa msituni hutembeaje?" akauliza. "Hivi?"

Na Ndambiri akajua amekubali.

Walipiga picha ukingoni mwa msitu juu ya Kibugu, askari wa kweli wakilinda nyuma ya mashine. Wambeti, mama yao Munyi na Igoki, alikuwa amekuja kuhakikisha mwanawe harudi amekufa. Bwana Picha alipomwona, kitambaa kichwani na kiondo mgongoni, akanyoosha kidole: huyo ndiye mama anayemtaka.

Hapo palikuwa na kazi. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake, sembuse kumwamuru. Basi Ndambiri aligeukia upande, akamwambia Igoki, "Mwambie mama asitazame mashine." Igoki akamwambia mama aliyesimama hatua tatu kutoka hapo. "Mwambie akimwona Munyi ampe ucuru." Igoki akamwambia ampe uji. "Muulize kama amesikia." Mama akajibu, kwa Igoki, kwamba yeye si kiziwi. Hata askari waliokuwa hawajui Kiembu walicheka.

Kisha Munyi akatoka kati ya miti. Hakuwa amenyoa wala kula tangu jana yake, maana ndivyo alivyopenda kujiandaa. Koti lilikuwa limechanika begani. Mkononi alishika tawi. Wambeti, aliyekuwa ameambiwa hatua kwa hatua la kufanya, alimwona mwanawe katika hali ile na akasahau kila kitu. Kibuyu cha uji kilimponyoka. Alikwenda akamshika uso kwa mikono yote miwili, akiupapasa mashavu na paji, kama anayetafuta jeraha. Na Munyi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishindwa na mchezo, alifumba macho akalia.

Bwana Picha hakuizima mashine. Ndambiri alikuwa akitokwa na machozi. Hakuwahi kutunga kitu kizuri namna ile, na hicho hakukitunga yeye.

Filamu ilirudi kutoka kusafishwa ikiwa haina sauti. Sauti ingekuwa ya Ndambiri, amesimama kando ya shuka nyeupe na kipaza sauti, akieleza kwa Kiembu upande wa Embu, na upande wa Meru kwa Kimeru alichojifunza kwa wenzake shuleni. Kabla ya safari ya kwanza Bwana Picha alimwita kando.

"Usiwaambie ni mchezo. Sema ni gaidi wa kweli aliyerudi nyumbani."

"Lakini, Bwana, huyu ni fundi wa baiskeli. Anajulikana."

"Kibugu hatutaipeleka. Tutaanzia Meru. Ukisema ni mchezo, nani atatoka msituni kwa sababu ya mchezo?" Akamgusa bega. "Nimeongea na D.O. Nafasi ya karani mkuu iko wazi."

Ndambiri alijiambia kwamba kila mchezo ni uongo ambao watu wameukubali. Hakujiambia kwamba safari hii watu hawakuulizwa kama wanakubali.

Walipanda hadi Laare, kwenye vilima vya Nyambene, wakashuka Githongo. Kule Githongo watu waliketi kwenye nyasi kando ya mibuni michanga, wanawake mbele, na Homgadi, wanamgambo wa serikali, wakiwazunguka kwa mikuki na bunduki chache. Mwanga ulipogonga shuka, kelele zilikatika. Ndambiri alihisi ule mshiko wa zamani, watu mia kadhaa wakiwa wamening'inia kwenye ulimi wake, na damu ikamchemka.

"Mtazameni!" alisema. "Huyu anaitwa Munyi, gaidi wa msitu wa Kibugu! Mikono iliyoshika panga leo imeshika tawi!"

Jina halikuwa kwenye maneno aliyopewa. Lilimtoka kwa utamu wa kusimulia. Wambeti alipomshika mwanawe uso, wanawake wa Githongo walilia kwa sauti, na Ndambiri akarudi garini akiwa amelewa furaha.

Munyi alipata kazi ya baiskeli za shule moja upande wa Meru, akaja bomani kuomba pasi. Ndambiri aligonga muhuri mwenyewe. Walitaniana pale dirishani mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

Siku iliyofuata, asubuhi, Celina, jirani yao Munyi kule Kibugu, aliingia ofisini bila kupanga foleni. Alikuwa ametoka kumwona dada yake huko Meru, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi hadi magotini.

"Homgadi wamemshika Munyi pale darajani, mpakani mwa Meru," alisema. "Wanasema ni yule gaidi wa sinema. Wanasema magaidi waliojisalimisha wote wako kambini, kwa hiyo huyu ametoroka."

"Hakuwaonyesha pasi?"

"Aliwaonyesha. Wakasema gaidi ndiye mwenye pasi nzuri kuliko watu wote."

"Hakuwaambia ulikuwa mchezo?"

Celina alimtazama. "Aliwachezea, baba. Pale pale barabarani. Akatembea kama kizee, akatembea kama chifu. Wengine walicheka. Lakini mmoja akasema, 'Haya yote ni bure. Karani wa boma mwenyewe alituambia kwa mdomo wake.'"

Ndambiri alichukua kofia yake. Akafika mlangoni, akasimama. Yeye aliyewagongea wengine pasi kutwa hakuweza kutia sahihi kwenye pasi yake mwenyewe, na D.O. alikuwa ameteremka Mbeere tangu alfajiri. Bwana Picha alijaribu simu, lakini kituo cha darajani hakikuwa na simu. Ndambiri aliketi nje ya ofisi ya bwana wake, kwenye benchi la waombaji, mpaka jua likapinda. D.O. aliporudi alitia sahihi bila kuuliza swali, kwa sababu alimwamini.

Lori la serikali lilimfikisha darajani kabla jua halijatua. Mkuu wa Homgadi pale alikuwa Muthamia, mkulima mwenye mvi, blanketi begani. Alimjua karani kwa sauti hata kabla hajamaliza salamu.

"Nilikusikia Githongo," alisema. "Nilimwambia mke wangu, mtu yule anasema kweli."

"Yuko wapi Munyi?"

Muthamia alielekeza macho mtoni. "Tulikuwa tunampeleka kituo kikubwa. Alikimbia. Vijana walimwita, akakataa kusimama." Akamgeukia karani. "Alikuwa gaidi, sivyo?"

"Alikuwa fundi wa baiskeli," Ndambiri alisema. "Ni ndugu wa mke wangu."

Mzee yule alitafuta mahali pa kuegemea, akakosa, akakaa chini barabarani na bunduki mapajani. Ndambiri hakupata kujua kama Munyi alikimbia au hakukimbia. Walikuwa wameshamzika, na ruhusa ya kumfukua ampeleke kwao hakuipata.

Ndambiri aliomba filamu iondolewe. Bwana Picha alisikitika, na masikitiko yake hayakuwa ya mdomoni tu, lakini alisema wilaya nyingine zimeshaiomba, na ikiondolewa itabidi sababu itajwe. Kama karani hawezi, atatafutwa mtu mwingine wa kushika kipaza sauti. Ndambiri alikuwa tayari kukubali hivyo, asiione tena maisha yake yote. Ndipo Wambeti alipokuja bomani.

Alipita wenye foleni wote, na wote wakampisha. Akasimama mbele ya meza, akamtazama mkwe wake usoni, kwa mara ya kwanza.

"Ndambiri, nasikia mwanangu yuko ndani ya gari la sinema."

"Ni picha tu, mama."

"Nataka kumwona."

Hakuwa na picha ya Munyi hata moja. Kaburi lake hakulijua. Basi sinema ilipoonyeshwa tena karibu na mji, aliketi mbele kabisa, miguu ameikunja, kitambaa amekikaza. Munyi alipotoka kati ya miti, hakupiga kelele. Aliinama mbele kidogo, kama anayesikiliza mtu anayenong'ona. Na mikono yake mwenyewe ilipotokea kwenye shuka ikaushika uso ule, mikono iliyokuwa mapajani ilipanda juu taratibu, ikabaki hewani, haina cha kushika.

Tangu siku hiyo Ndambiri hakukiacha kipaza sauti. Alimgongea mama mkwe wake pasi moja baada ya nyingine, sababu ya safari: kumwona mgonjwa. Alimpakia kwenye gari, nyuma, kati ya makopo ya filamu. Kila jioni walipoonyesha, alimwita Munyi gaidi mbele ya mama yake, kwa sababu asingesema hivyo angeondolewa, na yeye akiondolewa nani angempa mama pasi? Mwaka ule ule alifanywa karani mkuu.

Mara moja alijaribu kumwomba msamaha, uso ameuelekeza pembeni.

"Maneno yako siyasikii," Wambeti alimjibu. "Namtazama tu."

Ndambiri hakujua kama amefarijiwa au amepigwa.

Mwaka wa 1955 watu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vipya, nyumba zimebanana, zimezungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa ncha. Sinema ilikwenda katika kijiji kimoja cha namna hiyo, na Kibugu haikuwa mbali. Munyi alipotoka msituni na tawi lake, Homgadi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Huyo tulisikia alipigwa risasi kule darajani! Gaidi ni gaidi!" Baadhi ya watu walicheka, kicheko cha woga, cha kumridhisha mwenye silaha.

Wambeti aligeuka. Hakumtazama yule Homgadi. Alimtazama Ndambiri.

Ndambiri alikuwa amefungua mdomo kusema lile neno la kila siku. Halikutoka. Kwenye shuka mama alikuwa akimpapasa mwanawe, mashine ikinguruma.

"Huyu si gaidi," Ndambiri alisema, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yake hadi ng'ambo ya handaki. "Huyu ni Munyi wa Njiru, wa Kibugu, fundi wa baiskeli. Mama yake ni Wambeti, mmemwona, ameketi hapo mbele. Msituni hakuingia hata siku moja. Huu ulikuwa mchezo. Mimi ndiye niliyemwomba acheze, na mimi ndiye niliyesema si mchezo, na wakamuua kwa maneno yangu."

"Anasema nini?" Bwana Picha alimuuliza dereva.

Dereva, mtu wa Embu, alijibu bila kugeuka. "Anaeleza filamu, Bwana."

Lakini Homgadi walikuwa wamesikia Kiembu vizuri. Kesho yake Ndambiri alinyang'anywa funguo za ofisi, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amepelekwa kambi ya kizuizini kule Mwea. Alichimba mifereji na watu ambao baadhi yao aliwahi kuwagongea pasi, wengine aliwahi kuwanyima. Walimwita Sinema. Alikaa miaka miwili.

Alipotoka alimkuta Igoki amekonda, na nyumba yao ni ile ya kijijini ndani ya handaki. Usiku wa kwanza walizungumza machache. Asubuhi, akiwasha moto, Igoki alimwambia.

"Ile filamu waliiondoa wiki ile ile. Ulifikiri umetusaidia."

"Walikuwa wakimwita gaidi, Igoki."

"Najua. Na mama alijua." Alipuliza moto mpaka ukashika. "Gari lilikuja tena, bila wewe. Mama akaenda mbele, akakaa mahali pake. Wakaonyesha jinsi ya kuogesha ng'ombe dawa. Ng'ombe, kisha sabuni, kisha ng'ombe tena. Akatazama yote. Walipozima mashine na kukunja shuka, bado alikuwa amekaa. Mimi ndiye niliyemwinua." Akateleka chungu. "Ungemwachia mama sinema yake."

Ndambiri alimsogezea kuni.

Wambeti mwenyewe hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu. "Siku ile uliposema, ulitaja na jina la baba yake. Watu wote walisikia?"

"Walisikia, mama."

"Vizuri," alisema. Kisha, kana kwamba anataja habari ya mvua: "Uso wake unaanza kunipotea. Masikio nayaona. Macho siyaoni."

Serikali haikumrudisha kazini. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilimwajiri, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kupiga taipu. Walimu vijana walipofufua maigizo katika lile jumba la kanisa, walimwendea. Aliwatungia michezo, na ilikuwa mizuri. Jukwaani hakupanda tena, wala hakukubali mchezo wake uchezwe bila mtu kusimama kwanza na kuwaambia watu, kwa sauti, kwamba yatakayofuata ni mchezo. Vijana waliona ni ushamba, lakini walifanya.

Hali ya Hatari ilipoondolewa, mwaka wa 1960, na mtu akaweza tena kusafiri bila pasi, Ndambiri alikwenda Nairobi. Aliipata ofisi ya sinema, akaeleza filamu anayoitafuta: kijana, tawi, mama. Karani wa pale, Mwafrika aliyevaa tai safi, alimsikiliza kwa adabu, akaingia ndani, akatoka.

"Za miaka ile nyingi zilitupwa, mzee. Nyingine zilipelekwa Ulaya. Kama unataka, andika maombi."

Ndambiri aliitambua sauti ile ya makarani, ya upole na isiyosaidia. Aliandika maombi. Hakuna aliyeyajibu.

Alifika Kibugu siku ya pili, mvua nyepesi ikinyesha. Wambeti alikuwa ameketi mlangoni. Aliiona mikono mitupu ya mkwe wake tangu akiwa mbali, kwa hiyo hakumpa kazi ya kusema.

"Umelowa," alisema. "Ingia ndani."

Aliingia. Wakakaa pande mbili za moto, mama na mkwe, bila Igoki kati yao. Kwa muda mrefu Wambeti alijaribu kumweleza jinsi macho ya Munyi yalivyokuwa, akaanza, akakwama, akaanza tena, na Ndambiri, ambaye alikuwa ameyatazama macho hayo jukwaani miaka mingi na kwenye shuka jioni nyingi zaidi, alitaka kumsaidia, akagundua kwamba naye hayaoni.